Unaishi Kibaha, Unaandika "Dar": Mastaa, Mnamkimbia Nani?

Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kajenga Kibaha, kule Kwa Mathias. Geti kubwa, majirani wanamuona kila siku. Ila ingia kwenye ukurasa wake: kila picha imeandikwa "Dar es Salaam". Hata ile aliyopigia getini kwake!

Mwenzake, mwanadada maarufu mtandaoni, alipoenda Uingereza alimaliza bando za watu. Katembea mtaa kwa mtaa, sokoni, kituo cha basi, mpaka bibi wa Kizungu anayemwagilia maua kaingia kwenye video. Safi sana, mji unajulikana hivyo. Aliporudi akaenda Kisarawe. Kioo cha gari juu, picha tatu kwenye msitu wa Pugu Kazimzumbwi, kioo juu tena, huyoo mjini. Chini ya picha: "Mbali na dunia."

Mbali na dunia? Dada, watu wanaishi hapo!

Angeshusha kioo angekuta mama wa mihogo na vijana wa bodaboda wenye stori za mji mzima. Angeuliza kuhusu yale mapango ya popo, angeambiwa yalitokana na watu kuchimba udongo mweupe wa kaolini. Na huyu wa Kibaha, anajua kweli anapoishi? Kibaha ndiyo makao makuu ya mkoa wa Pwani. Pale Tumbi, mwaka 1963 Tanganyika ilianza mradi mkubwa na nchi za Nordiki, na mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa serikali yetu. Ndiyo Shirika la Elimu Kibaha la leo. Hiyo ni historia ya kujidai nayo, siyo ya kufichwa.

Watetezi watasema mastaa wanaficha makazi kwa usalama. Sawa, hiyo ni haki yao. Ficha nyumba, ficha mtaa. Lakini kuficha geti ni kitu kimoja, kuuonea aibu mji ni kitu kingine. Kama ni usalama, mbona geti linaonekana na jina la mji tu ndilo limefichwa?

Hasara inakwenda kwa wengine. Dogo wa Maili Moja akiona staa wa mtaani kwao anapakana mji, na yeye akiulizwa chuoni anakotoka anajibu "Dar, kule mbele ya Mbezi." Anakua akiamini kwao siyo mahali. Na mama wa mihogo? Video moja tu ya dakika mbili ingemletea wateja wa wikiendi nzima, maana Kisarawe siyo safari, ukifika Gongo la Mboto unapanda daladala tu.

Kwa hiyo mastaa, wikiendi hii shusheni kioo. Kuleni, ulizeni, lipeni, halafu andikeni jina la mji kama lilivyo. Ushamba siyo kutoka Kibaha. Ushamba ni kuijua mitaa ya London wakati hata jina la jirani yako hulijui.

Wadau wa Pwani, mnasemaje? Tiririkeni.