Spika Mpya wa 2022 na Hukumu Iliyosahauliwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu nieleze, kwa heshima na taadhima, jambo ambalo kwa rai yangu lastahili kutangulizwa mbele ya Mheshimiwa Dkt. Tulia Ackson kabla ya mengine yote, maadamu Bunge la Jamhuri ya Muungano limekwisha kumchagua kuwa Spika tarehe 1 Februari 2022, kwa kura zote 376 zilizopigwa, baada ya mtangulizi wake kujiuzulu. Pongezi amezipata nyingi, khususan kwa kuwa ni mwanamke wa pili kukikalia kiti kile baada ya Mheshimiwa Anne Makinda, nami naongeza zangu. Ahadi za usawa na insafu nazo tutazisikia, kwani ni desturi ya kila aingiaye katika cheo. Walakini usawa ninaoutaka mimi hauhitaji ahadi mpya, bali wahitaji kutimizwa amri ya zamani.

Muradi wangu ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Tusiidhulumu sheria hiyo: katika zama zake ilikuwa ya busara, nayo ilizikusanya mahali pamoja ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali, ikampa mke aliyeachwa haki ya kuomba mgawo wa mali waliyoichuma pamoja na mumewe, haki ambayo Mahakama ya Rufani mwaka 1983 iliipanua hata ikakiri kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali hiyo. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 13, yasema mwanamume asioe kabla ya kutimiza miaka 18 na mwanamke asiolewe kabla ya miaka 15, tena yairuhusu mahakama, pakiwapo sababu maalumu, kutoa idhini kwa waliotimiza miaka 14. Na kifungu cha 17 chamtaka binti aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya baba, na kama baba amefariki, ya mama. Ridhaa inayotajwa hapo ni ya mzazi.

Sasa tazama jinsi sheria zetu zinavyogombana zenyewe kwa zenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na Katiba haimruhusu kupiga kura kabla ya umri huo. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, yamtishia miaka 30 ya kifungo mtu anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, bali mwenzake wa rika lile lile, aliyekwisha kuacha shule kwa ufukara wa wazazi wake, ambaye ndiye mnyonge zaidi, hana kinga hiyo. Na Kanuni ya Adhabu, ambayo yahesabu kuwa ni kubaka kumwingilia binti aliye chini ya miaka 18 hata akiwa ameridhia, yamtoa katika hukumu hiyo mume wa mke aliyetimiza miaka 15. Yaani tendo lile lile, kwa binti yule yule, asubuhi ni jinai na jioni, nikahi ikishafungwa, si neno.

Haya si maono yangu peke yangu. Bi Rebeca Gyumi aliishitaki Serikali, na tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo viwili vya Sheria ya Ndoa, cha 13 na cha 17, vyapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja ivisahihishe na kuweka miaka 18 kwa mume na kwa mke. Mwanasheria Mkuu akakata rufani. Na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, iliyo ya mwisho hapa kwetu, ikaitupa rufani hiyo. Hata tukiuhesabu mwaka mmoja kuanzia hukumu ya pili, ulimalizika Oktoba 2020. Wapo wanasheria watakaotwambia kwamba vifungu hivyo vilikufa siku muda ulipokwisha. Kama ni kweli, basi na wavizike, maana maiti huyu angali akitumiwa kuozesha watoto.

Katika rufani hiyo Serikali ilijitetea kwa mila na kwa dini ya Kiislamu, na hapo mimi, niliyelelewa pwani na kusomeshwa chuoni, siwezi kunyamaza. Fiqhi tuliyofundishwa haikuishia katika kubaleghe. Yamwamrisha msimamizi wa yatima asimkabidhi mali yake, ijapokuwa amebaleghe, mpaka amjaribu na kuona kwake rushdi, yaani ukomavu wa akili. Ikiwa mtu hapewi shamba la minazi la marehemu babake mpaka aonekane ana akili ya kulitunza, seuze nafsi yake na tumbo lake? Wala jambo lenyewe si dogo: uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, takriban 31 walikuwa wameolewa au kuishi na mwanamume kabla ya kutimiza miaka 18.

Najua Spika hatungi miswada ya Serikali. Lakini ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Uongozi, inayoratibu shughuli za Bunge. Naye aliwahi kufundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa Naibu Mwanasheria Mkuu, kisha akawa Naibu Spika tangu mwaka 2015, hata hukumu zote mbili zikatoka naye yumo Bungeni. Hana haja ya kuelezwa maana yake.

Naomba, basi, katika Mkutano wa bajeti utakaoanza Aprili 2022, Mwanasheria Mkuu aulizwe ukumbini ni tarehe gani muswada wa kusahihisha vifungu vya 13 na 17 utaletwa, na jibu lake liandikwe katika Hansadi. Na asipotaja tarehe, mbunge yeyote mwenye muswada binafsi juu ya jambo hili apewe nafasi ya kuusoma katika Mkutano huo huo.

Wako katika kulitumikia taifa,
Msomaji wa siku nyingi,
Pangani, Tanga, 2022.