Mto Hufura Hata Kwako Kukiwa Kukavu

Likizo zikifika vijana wa hapa Nkoroi hushika ndoana na mishipi, wakateremka mtoni kutafuta kambare. Mimi si miongoni mwa wanaowakataza. Afadhali kijana akae ukingoni na chambo chake kuliko kuzurura stendi ya matatu kule Rongai. Lakini likizo moja mpwa wangu alirudi na ndara moja, amelowa hadi shingoni. Nilipomwuliza, alinijibu, "Mjomba, lakini mvua haikunyesha!"

Alisema kweli. Nkoroi kulikuwa kukavu. Mvua ilikuwa imenyesha Milima ya Ngong, na vijito vinavyotoka huko vikaleta maji hayo Mto Mbagathi. Kwa hivyo usitazame mbingu iliyo juu ya kichwa chako, tazama upande wa Ngong. Ukiona maji yamegeuka tope ghafla, au yanaleta majani na vijiti, kusanya vitu vyako upande juu, hata kama samaki anadonoa. Maji ya kasi yanayopita kidogo tu kifundo cha mguu, kama sentimita 15, yaweza kumwangusha mtu mzima. Tena mshipi usiufunge mkononi. Ukinasa kwenye gogo linalosombwa, utakwenda nalo.

Mashua kwetu hatuna, lakini wengi wenu mna jamaa kando ya Mto Tana. Jumapili ya Aprili 28, 2024, mafuriko yakiwa yamekata barabara ya Garissa, mashua iliyokuwa ikivusha watu ilipinduka Kona Punda. Watu 23 waliokolewa. Wengine walipoteza maisha. Je, wewe ungefanyaje mwenye mashua akisema kuna nafasi ya mmoja zaidi? Mimi ningebaki ng'ambo, nitukanwe. Kama hakuna jaketi la kuelea, au lipo lakini limewekwa chini ya kiti, shuka. Ukipanda, kaa chini wala usisimame kupiga picha. Kule Sagana wageni hupita maporomoko kwa mashua za mpira, lakini hawaingii majini kabla ya kufunga jaketi na kofia ngumu.

Sasa wewe mwanafunzi uliyejifunza kuogelea kwenye kidimbwi cha shule, sikia. Ukianguka kwenye mkondo, usijaribu kusimama. Mguu ukinaswa kati ya mawe, maji yatakulaza kifudifudi na kukukandamiza hapo hapo. Lala chali, miguu itangulie kule maji yanakokwenda, halafu ogelea kimshazari kuelekea ukingoni. Mti ulioangukia mtoni uukwepe mapema, maana maji hupenya kwenye matawi yake lakini mtu hapenyi.

Na aliye ukingoni asijitose. Mara nyingi hapo ndipo nyumba moja hupata misiba miwili. Mrushie kamba iliyofungwa mtungi mtupu wa plastiki, kifuniko kikiwa kimekazwa, naye aukumbatie. Kamba hiyo usijifunge kiunoni.

Mpwa wangu bado huenda mtoni, ila siku hizi haendi peke yake, na huwa amebeba mtungi wa manjano wa lita 10 na kamba yake. Rafiki zake humcheka kwamba anakwenda kuteka maji. Samaki wa kutosha sahani moja bado hajatuletea.