Rula ya Kumpimia Mwanamke Nani Kaishika?

Makamanda, leo naanza na wao, halafu nakuja kwetu. Mnivumilie.

Agosti 2021, Ikulu, Rais Samia alisema wapo wachezaji wa kike wa mpira wenye vifua flati, ukiwaona unaweza kudhani ni wanaume, na kwamba ndoa kwa wengi wao ni ndoto. Oktoba mwaka huo huo Twiga Stars wakaifunga Malawi 1-0 na kubeba kombe la COSAFA. Kwa vifua hivyo hivyo.

Wala haikuanza hapo. Vijana wa TANU, chama kilichoizaa CCM, walikuja na Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na krimu za kujichubua marufuku. Mwaka 2018 Spika Ndugai akakataza kope na kucha za bandia bungeni. Juni 2021 akamtoa ukumbini mbunge Condester Sichalwe, kisa suruali. Ukijiremba kosa, usipojiremba kosa.

Watu wanadhani ufeministi umekuja kutunyang'anya wanja. Hapana. Umeleta swali: rula nani kaishika? Huku kwetu Mtawanya, bibi zetu wa Kimakonde walivaa ndonya mdomo wa juu na kuchanjwa chale usoni, na huo ndio ulikuwa urembo. Leo mjukuu anaambiwa uzuri ni weupe, anajipaka mkorogo mpaka ngozi inababuka. Sisemi turudi kwenye ndonya, nayo ilikuwa amri ya jamii. Nasema rula inabadilika, anayepimwa ni yule yule.

Sasa sisi. Wewe unayemcheka mbunge wa viti maalumu kwa wigi lake, ukaacha kumhoji kwa sheria aliyoipitisha, una tofauti gani na unaowapinga? Mimi niliwahi kuchangia hoja kikaoni, kamanda mmoja akanijibu: "Na nywele hizo fupi utaolewa na nani?" Ukumbi ukacheka. Hoja yangu ikafia hapo.

Ibara ya 12 ya Katiba inasema kila mtu anastahili heshima ya utu wake. Haijaongeza "akiwa na mvuto." Tunadai Katiba Mpya, sawa, lakini hata hii ya zamani hapo imesema kweli, na sisi tunaivunja vikaoni kwetu.

Mwanamke kuingia Ikulu hakujaivunja rula. Na sisi tukiingia nayo mkononi, tutakuwa tumebadilisha mashati tu.