Mwanangu kaniumbua Coco Beach!

Najua wiki iliyopita nilikuahidi stori ya harusi za mkopo, lakini naomba hiyo isubiri kidogo. Kuna kitu kimenikuta Jumamosi na mpaka leo kinaniwasha.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Mtaani kwetu Kinondoni tumezoea kufagiafagia mlangoni, tukizuga mpaka jua likiwa kali, basi. Safari hii akina mama wa kikoba wakaja na jipya: kila familia itoke nzima nzima, tukaokote taka Coco Beach, halafu tushinde huko huko na mihogo, mpira na kuvuta kamba. Mama watoto akanitazama usoni. "Baba watoto, na wewe unakwenda. Usituambie una kikao."

Kikao nilikuwa nacho kweli, cha kijiweni.

Saa moja asubuhi tukafika, maji yamekupwa. Wenye kujua wanasema huo ndio muda wenyewe, maana bahari ikijaa inazisukuma taka juu, na ikirudi inaziacha zimejipanga mstari mrefu mchangani. Wewe unafuata mstari tu. Tukagawiwa magunia na glavu.

Sasa njoo kwa sisi wababa. Tulikuwa kama kumi hivi, na nikwambie ukweli, tulitia aibu. Mmoja kavaa raba nyeupe pee, kasimama kivulini anapiga picha kwa simu. Mwingine kajipa cheo cha msimamizi, anaonyesha kwa kidole. Mimi gunia nimelishika kwa vidole viwili kama nimeshikishwa nepi ya mtoto wa jirani. Tatizo letu ni kwamba taka tumeshazigawa: ni za mama, za dada wa kazi, za vijana wa mkokoteni. Mwanaume akiinama kuokota, anaona kama mtaa mzima unamcheka.

Binti yangu wa miaka minane hana habari na hayo. Kaingia kazini ile mbaya, anahesabu kwa sauti: chupa za maji, vifuniko, mirija, vijiko, ndala (za kushoto tupu, za kulia sijui zinahamia wapi). Mifuko ya rambo tuliikuta michache, na mingi imechakaa. Si ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019? Lakini chupa, ndugu yangu, chupa si mchezo.

Mara akainua moja juu. "Baba, hii si kama ile uliyoitupa dirishani kwenye daladala?"

Kimya. Raba nyeupe akaangua kicheko. Mama watoto akageukia baharini kama anatafuta meli.

Nikajitetea haraka: ile niliitupa Magomeni, na Magomeni na Coco wapi na wapi? Hapo ndipo mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa amekaa pembeni anatutazama, akanimaliza. "Kijana, mto Msimbazi unatoka kule milima ya Pugu, unapita Jangwani, unamwaga baharini pale Salenda. Mvua ikinyesha, mtaro wa kwenu unapeleka mzigo mtoni. Chupa yako haikuhitaji nauli." Na kutoka Salenda mpaka Coco ni pua na mdomo. Nikashika gunia kwa mikono miwili.

Sikuwa mgeni wa ufagio, ujue. Desemba 9, 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kuingia mwenyewe mtaani kufagia, na mimi nilifagia. Picha ninayo. Ufagio wenyewe ndio sikumbuki uliishia wapi.

Ilipofika saa nne magunia yalikuwa yamejaa, na raha zikaanza. Kuvuta kamba, wababa na wamama, tukaburuzwa mara mbili mfululizo. Msimamizi wetu alianguka kifudifudi akala mchanga, na zile raba nyeupe sasa zikawa rangi ya chai ya maziwa. Watoto wakakimbia na magunia yaliyobaki. Kuna kijana wa nyumba ya pili, yule ambaye hata salamu hatujapeana tangu tugombane kwa ajili ya muziki wake wa usiku, nikajikuta namega naye muhogo mmoja wenye pilipili, tunamcheka msimamizi. Binti yangu yeye alikuwa anapita kwa kila mnywa dafu: "Anko, ukimaliza mrija unaniletea mimi." Watu wazima wanatii!

Tumerudi jioni kwa bajaji, wote tumepauka kwa chumvi. Nikamaliza maji yangu, mkono ukaanza wenyewe kuelekea nje. Nikahisi macho. Chupa tupu nikaipakata mpaka nyumbani.

Nyumbani nako pipa limefurika, gari la taka halijapita wiki mbili na hela yao walishachukua. Jana nimefunga safari mpaka ofisini kwao na risiti mkononi. Wakaniambia gari bovu, nirudi Ijumaa.

Chupa bado iko juu ya friji. Kila akitoka shule, anaichungulia kwanza ndipo anavua viatu.