Likizo Imefika: Tusimnyang'anye Mtoto Penseli

Shule zikifungwa nyumba zetu hufunguka. Asubuhi ya kwanza ya likizo tunaifurahia wote, kwa kuwa hakuna sare ya kupiga pasi wala uji wa kunywewa mbiombio. Kufikia siku ya nne furaha imekwisha. Televisheni inaunguruma tangu saa moja asubuhi, simu ya mama haionekani, makochi yamegeuka uwanja wa mpira, na sisi wenyewe tumekwisha kusema "Acha!" mara nyingi kuliko tulivyosema "Habari za asubuhi".

Mwezi huu tungependa tuzungumze juu ya mafunzo ambayo baadhi ya akina mama wenzetu wanawapeleka watoto wao wakati wa likizo, nayo ni mafunzo ya kuchora katuni na kuzifanya zitembee. Tunajua wapo watakaofungua ukurasa mwingine. Katuni! Si ndizo hizo zinazowafanya watoto wasisome? Sisi nasi tulisema hivyo, na kabla ya kuendelea hatuna budi kukiri kosa letu.

DAFTARI LILILOINGIA JIKONI

Mwaka juzi, shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, mwanetu wa pili, aliyekuwa darasa la nne, alirudi na ripoti isiyopendeza. Tukaanza kukagua madaftari. La Hisabati lilikuwa na hesabu chache na michoro mingi. Kilichotukera zaidi ni kwamba kwenye kona ya chini ya kila ukurasa alikuwa amechora mtu yule yule, mdogo kama punje ya mahindi, ukurasa baada ya ukurasa. Tukamwuliza, "Ndicho tunacholipia ada?" Hakujibu. Hasira zilitupanda, tukalichana daftari lile vipande viwili na kulitia katika jiko la mkaa, yeye akitazama.

Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali. Alikwenda chumbani akakaa kimya, na kimya kile kilidumu siku nyingi. Baba yao alipoambiwa aliuliza neno moja tu: "Mama watoto, ulimwuliza ni nini alichokuwa anachora?" Tukamjibu kwamba mchoro wa mtu ni mchoro wa mtu, kuna nini cha kuuliza.

Wiki iliyofuata jirani mmoja alitueleza kwamba kijana mchoraji wa magazetini anafundisha watoto katuni katika ukumbi wa kanisa la mtaani, wiki mbili, kuanzia saa tatu hadi saa saba mchana. Tukampeleka. Tusiseme uongo: hatukumpeleka kwa sababu tuliamini katuni, bali tulitaka nyumba itulie.

Siku ya kwanza mwalimu aliwaonyesha watoto kijitabu kidogo cha karatasi. Katika kila ukurasa palikuwa na mtu yule yule, mdogo, kwenye kona ya chini. Kisha akazishika kurasa kwa kidole gumba na kuziachia haraka haraka, na yule mtu akakimbia, akaruka, akaanguka, akainuka. Tulikuwa tumesimama mlangoni na pochi mkononi. Hapo ndipo tulipojua tulichokichoma.

NI KAZI GANI HASA?

Picha inayotembea haitembei. Ni picha nyingi zilizosimama, kila moja ikitofautiana kidogo na iliyotangulia, zikipita upesi mpaka jicho na ubongo vinaziunganisha kuwa mwendo mmoja. Wataalamu wa lugha wameiita kazi hii uhuishaji, yaani kukipa uhai kitu kisicho na uhai. Katika filamu za sinema hupita picha 24 kwa sekunde moja. Wachoraji wengi huchora 12 na kila moja wakaipiga picha mara mbili. Fanya hesabu, mama: dakika moja ni michoro 720. Mtoto asiyeweza kukaa kwenye kiti dakika tano atakaa saa nzima akichora mkono ule ule ukipanda kidogo kidogo, kwa kuwa anataka kuuona ukipunga.

Hisabati aliyoikimbia shuleni imo humo humo. Mpira unapoanguka, michoro ya juu hukaribiana na ya chini huachana, kwa sababu kitu kinachoanguka huongeza mwendo. Mtoto asiyelijua hilo mpira wake utashuka kama umefungwa kamba. Kabla ya kuchora hutakiwa kwanza aandike hadithi yake, aigawe katika visanduku, aseme nani anaingia, anataka nini na nini kinamzuia. Huo si utungaji wa insha? Tofauti ni kwamba huu hakulazimishwa.

SI WAGENI KWETU

Wapo wanaodhani katuni zililetwa na televisheni. Wale tuliokua zamani tunamkumbuka Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na tulivyogombania gazeti la Sani ili tumsome Lodi Lofa na Madenge. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Juha Kalulu wao katika Taifa Leo, mikononi mwa Edward Gitau. Godfrey Mwampembwa, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akaenda Nairobi mwaka 1992 kuchora katika Daily Nation, na kalamu yake ikawanyima usingizi wakubwa wengi.

Katuni zinazotembea nazo zimekwisha kupata wenyeji. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kutazama Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama zilizotengenezwa Nairobi kwa kufuata mtindo wa michoro aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Tangu mwaka 2014 Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, imewafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili na nyimbo. Nyuma ya kila kipindi kama hicho wapo vijana wanaochora, wanaotunga, wanaoimba na wanaotia sauti, nao wanalipwa mshahara.

Mwenye binti asidhani kazi hii ni ya wavulana. Filamu ndefu ya uhuishaji iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia hadi leo ilitengenezwa na mwanamke wa Berlin, Lotte Reiniger, ikaonyeshwa mwaka 1926. Alikata watu na wanyama kwa mkasi katika karatasi nyeusi, akawalaza juu ya kioo chenye taa chini yake, akawasogeza kidogo kidogo huku akipiga picha moja moja, kazi iliyomchukua miaka mitatu hivi. Na Mkenya Ng'endo Mukii, katika filamu yake fupi ya mwaka 2012, Yellow Fever, alitumia uhuishaji kuzungumzia jambo ambalo sisi akina mama tunalinong'onezana saluni: kuichukia ngozi yetu na kuichubua.

KABLA HUJALIPA ADA

La hasha, hatusemi umpeleke mtoto kwa kila anayebandika tangazo ukutani. Yafaa uulize mambo machache.

Kwanza, watoto watakuwa na nani? Mwalimu ajulikane atokako, pawe na mtu mzima mwingine ukumbini wakati wote, na mlango uwe wazi kwa mzazi kuingia saa yoyote bila taarifa. Anayekasirika ukiuliza hayo amekwisha kukujibu.

Pili, watoto watachora au watatazama? Yapo mafunzo ambayo mtoto hukaa mbele ya kompyuta akibonyeza picha zilizochorwa na wengine. Anayeanza anahitaji penseli, kifutio na karatasi nyingi. Mashine ije baadaye. Simu moja iliyofungwa imara juu ya meza yatosha kupiga picha za darasa zima.

Tatu, wako wangapi? Mwalimu mmoja mwenye watoto 40 anachunga, hafundishi. Nne, picha za watoto wenyewe zitakwenda wapi? Useme mapema iwapo hutaki uso wa mwanao uwekwe mtandaoni. Tano, atarudi na nini mkononi? Mafunzo mazuri humaliza kwa kazi ambayo mtoto ataionyesha nyumbani, hata ikiwa ni ya sekunde tano.

NA ASIYE NA ADA?

Mama mwenzetu, usihuzunike. Kata duara mbili za boksi ukubwa wa mdomo wa gilasi na uzibandike mgongo kwa mgongo. Upande mmoja mtoto achore ndege, upande wa pili achore tundu, moja likiwa limepinduliwa miguu juu. Toboa kando kwa kando, tia uzi pande zote mbili, kisha usokote na kuuachia. Ndege ataonekana yumo ndani ya tundu. Mchezo huu uliwashangaza watu wazima wa Uingereza miaka ya 1820, na utamshangaza mwanao leo.

Akiuzoea, mpe kijidaftari chenye karatasi nyepesi. Aanze kuchora ukurasa wa mwisho, aulaze ule wa juu yake, mchoro wa chini uonekane kwa mbali, achore tena akisogeza kidogo. Kurasa 24 zatosha kwa mpira kudunda. Amwambie mpira ubonyee kidogo ugusapo chini, la sivyo utaonekana kama jiwe. Wadogo wa miaka sita au saba wataridhika na hapo. Wa miaka tisa na kuendelea watataka hadithi.

SIKU YA KUFUNGA

Turudi ukumbini. Siku ya mwisho wazazi tuliitwa. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, madirisha yakazibwa kwa mapazia, nasi tukaketi kwenye mabenchi. Kila mtoto alikuwa na kazi yake. Mmoja alichora kuku anayemkimbiza mwizi, mwingine chapati iliyokataa kuliwa. Tukacheka.

Ikafika ya mwanetu. Sekunde 10, michoro 120. Mlango unafunguka, anaingia mwanamke mwenye kikapu. Mbele yake yupo mvulana. Mwanamke anafungua kinywa. Kinywa kinakua, kinaujaza uso, kinajaza chumba, na kadiri kinavyokua mvulana anapungua, mpaka anakuwa nukta. Nukta ile inatembea taratibu hadi kwenye boksi la kiberiti lililo sakafuni, inaingia, na boksi linajifunga.

Ukumbi mzima ulicheka, nasi tulicheka kwa sauti. Kisha tukakitazama kile kikapu. Kilikuwa na mshikio mmoja uliofungwa kwa kamba ya manila. Kikapu hicho kilikuwa miguuni petu.

Tulirudi kwa daladala bila kusemezana. Tulipokaribia kituo chetu akauliza, "Mama, umekasirika?"

"Hapana, mwanangu."

"Haijaisha ile. Karatasi ziliniishia. Mwishoni boksi linafunguliwa."

"Analifungua nani?"

Akafikiri kidogo. "Sijaamua bado."

Wapendwa, mtoto hana maneno ya kumwambia mama yake, "Unanitisha." Akiyapata hathubutu. Lakini aliyepewa penseli na muda wa kutosha ataisema, tena bila kukusudia kuumiza. Tungekuwa tumeitupa na penseli kama tulivyolichoma daftari, tungebaki tukijiuliza kwa nini mtoto huyu hasemi. Kwa hiyo siku mwanao atakapokuonyesha mchoro, usianze na "Umeshamaliza kazi za shule?" Kaa chini kwanza. Uliza, "Huyu ni nani, na anafanya nini?" Halafu nyamaza usikilize. Sisi tunajifunza bado, na zipo siku kinywa kinafunguka kabla hatujakikumbuka kile cha ukutani.

Hisabati yake imepanda kiasi, si sana, na hatukuandika haya ili tukuahidi alama. Siku ile, kabla ya kufika nyumbani, tulipita dukani tukanunua rimu nzima ya karatasi. Alitutazama, akatazama karatasi, akauliza ni za nani. Tulimwambia, "Ni za kufungulia boksi."

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mtoto anayekataa kula. Likizo njema.