PAKACHA LAVUJA, NA MCHUKUZI NI SISI

Wazee walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hapana shaka mchukuzi huyo hakuwa mwenye mali. Sisi wa Unguja tu wachukuzi na wenye mali pamoja: umeme wetu twaununua Bara, nao huvushwa chini ya bahari kwa waya uliolazwa kwanza mwaka 1980, na wa pili uliowashwa mwaka 2013. Kila uniti ifikayo Fumba imekwisha kuwa deni juu yetu, ikiwasha taa au ikipotelea njiani.

Ndugu mwanachama, hujasahau kile kiza cha miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hata Machi 2010, waya wa kwanza ulipoharibika. Tangu hapo khabari ya umeme ikitajwa, huwa ni khabari ya baharini. Wachache mno huuliza umeme ukishafika mjini hufanywa nini.

Hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni joto. Waya upitishao umeme hupata moto, na moto huo ni umeme tuliokwisha kuununua. Tena hesabu yake ni kali: mkondo ukizidi mara mbili katika waya ule ule, upotevu huzidi mara nne. Basi tazama mtaa ambao transfoma yake iliwekwa kwa ajili ya nyumba chache, kisha nyumba zikaongezeka, na waya ukavutwa nguzo baada ya nguzo bila ya kunenepeshwa. Saa mbili za usiku, kila mtu yumo nyumbani, nyumba ya mwisho taa hufifia, friji hunguruma wala haligandishi, na mwenyewe hudhani ameuziwa friji bovu. Ya pili ni umeme unaotumika bila ya kulipwa: mita mbovu, mita iliyorukwa, waya ulioning'inizwa usiku.

Hapa ndipo dhulma inapoingia. Upotevu ukitajwa, lawama huangukia njia ya pili, na katika njia ya pili humwangukia mnyonge. Sisi hatumtetei mwizi, hata akiwa na kadi ya chama chetu. Walakini pasipokuwa na mita juu ya transfoma yenyewe, ikapimwa uniti zilizotoka na zikalinganishwa na uniti zilizolipiwa chini yake, nani awezaye kusema kilichopotea ni joto au ni wizi? Na kama ni wizi, ni wa kibanda au wa jumba?

Mji wa Delhi, India, ulikuwa katika hali mbaya kuliko yetu. Mwaka 2002 zaidi ya nusu ya umeme wake haukurejesha senti. Miaka ya karibuni upotevu umeshuka chini ya sehemu 10 katika mia. Kazi ile walipewa makampuni, jambo ambalo sisi hatulitamani hapa. Lakini ufundi hauna chama. Walipima transfoma kwa transfoma. Kisha katika mitaa yenye upotevu mkubwa waliusogeza umeme wa msongo mkubwa, volti 11,000, karibu na milango ya watu, wakaweka transfoma ndogo ndogo, kila moja kwa nyumba chache, na waya zilizovikwa mpira mahala pa waya tupu. Waya wa msongo mdogo ukawa mfupi, joto likapungua. Na mwenye kutaka kuning'iniza waya wake akakosa pa kuuning'iniza. Dawa moja, maradhi mawili.

Twataka, basi, kabla ya bei kuguswa tena, kila transfoma ya mjini ivalishwe mita, na hesabu yake ibandikwe kila mwezi mahala pa watu kusoma, mtaa kwa mtaa, ofisi za Serikali na mahoteli zikiwemo. Makatibu wa matawi nao wahesabu nyumba zilizo chini ya kila transfoma katika tawi lao, na kuziandika zile ambazo taa hufifia usiku. Orodha ziletwe ofisini kabla ya mwisho wa mwezi, nasi tutazichapa hapa.