Mchezo Uliozikwa Jangwani

Hapana shaka wako wasomaji watakaostaajabu kuona safu hii ya mambo ya nyumbani ikitaja michezo ya vidio. Lakini mchezo ni bidhaa kama unga na nguo: hununuliwa kwa fedha ya halali, huingia majumbani mwetu, na huchukua saa nyingi za watoto wetu. Basi haidhuru tukitazama mmoja wa zamani uliosemwa vibaya kupita kiasi, nao ni ule wa E.T., uliotolewa na kampuni ya Atari ya Marekani mwezi wa Desemba 1982.

Mchezo wenyewe umo katika kaseti ya plastiki ambayo huchomekwa katika mashine ya Atari 2600, iliyoanza kuuzwa mwaka 1977 na ambayo huungwa na televisheni. Kumbukumbu ya mashine hiyo ya kufanyia kazi ni baiti 128 tu, ambazo hazitoshi kuhifadhi hata aya hii uisomayo.

Sinema ya E.T. ya Steven Spielberg ilitoka Juni 1982, ikapendwa mno. Atari wakanunua haki ya kuifanya mchezo, wakataka kaseti ziwe madukani kabla ya Krismasi. Tarehe 27 Julai kazi ikakabidhiwa Howard Scott Warshaw, fundi hodari ambaye mchezo wake wa Yars' Revenge ulikwisha sifiwa. Alitakiwa aimalize tarehe 1 Septemba. Kazi ambayo kwa desturi ilichukua miezi mingi ikapewa majuma matano! Aliikubali kwa hiari yake, akaitimiza kwa siku iliyowekwa.

Mwezi huu tumeucheza tena katika mashine ya zamani, kwani hatupendi kuhukumu kwa masimulizi. Kiumbe mdogo aliyeachwa duniani atafuta vipande vitatu vya simu apate kuwaita wenziwe waje kumchukua. Vipande hivyo vimo ndani ya mashimo. Kila hatua humpunguzia nguvu, na juu ya kioo hutokea alama zinazoonyesha mahali pale pafaa kwa jambo gani. Asiyesoma kijitabu chake hafahamu lolote, lakini asomaye huona kwamba mchezo una fikira, una mwanzo na mwisho, wala mchezaji haui mtu. Kwa kweli haukustahili jina baya lote ulilopewa.

Aibu yake i katika mashimo. Mashine hutazama kugusana kwa picha na picha, haitazami miguu imekanyaga wapi. Kichwa kikigusa ukingo wa shimo, hali miguu ingali mahali pakavu, kiumbe huporomoka. Akinyoosha shingo akapanda hata juu, mara nyingi hutumbukia tena papo hapo. Mtoto hawezi kujua kosa lake ni lipi, na adhabu isiyoonekana sababu yake humkatisha tamaa upesi kuliko adhabu kali. Mwaka 2013 mpenzi mmoja wa michezo ya kale aliirekebisha programu hiyo, na hayakuwa mageuzi makubwa. Twadhani Warshaw mwenyewe angeyafanya kama angalipewa muda kidogo tu wa kuwatazama watoto wakicheza.

Sasa lawama ni ya nani? Tunakumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta maji. Mwenye mali alisingizia mvua, naye akaulizwa mbona chakula kilicholowa hakukiweka juu watu wakione. Mvua haikuwa kosa lake. Kuficha ndiko kulikomhukumu. Nasi twaona kwamba fundi aliyefanya kazi kwa uwezo wake katika siku alizopewa ana lawama ndogo. Lawama kubwa ni ya wakubwa walioweka tarehe kwanza na ubora baadaye, kisha wakatengeneza kaseti kwa mamilioni wakitegemea kuwa jina la sinema litauza.

Kaseti nyingi zilibaki au zikarudishwa. Septemba 1983 shehena ya bidhaa za Atari ilizikwa katika jaa la Alamogordo, New Mexico, na saruji ikamiminwa juu yake. Israfu ya namna hiyo haihitaji maelezo.

Uvumi ukaenea kwamba mchezo mmoja uliiangusha kampuni. Sura ya Hujurati inatuamuru kuzichunguza habari, na hii haikuchunguzwa. Mwaka 1983 Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500, lakini madukani palikuwa pamejaa michezo hafifu ya watengenezaji wengi, na ule wa Pac-Man wa Atari yenyewe ulikuwa umekwisha kuwachukiza wanunuzi. Jaa lilipochimbwa tarehe 26 Aprili 2014 zilitolewa kaseti zipatazo 1,300, na E.T. zilikuwa sehemu ndogo tu miongoni mwao. Warshaw, aliyebeba lawama hiyo kwa miaka thelathini, alikuwa amekwisha geuka tabibu wa nafsi huko California.

Kaseti moja iliyofukuliwa ilikwenda katika jumba la Smithsonian. Nyingi nyingine mji wa Alamogordo uliziuza kwa mnada, ukapata zaidi ya dola 100,000. Vitabu vyetu vya fiqhi humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu akigundua aibu iliyofichwa. Hapa haikufichwa yoyote. Zilikuwa zimepondeka na kuchafuka kwa taka, na kila aliyenunua alilijua hilo kabla hajatoa fedha yake.